Skrini ya Kuhifadhi Nakala za Faili za Nyumbani

SWALI: Ninaunda programu ya kunakili faili za simu, kishikwambi na kompyuta za familia kwenye diski moja iliyoko nyumbani. Skrini ya kwanza ionyeshe nini ili hata asiye mzoefu aielewe?

JIBU: Anza na jambo ambalo mwenye faili hutaka kulijua kabla ya yote, yaani kama vitu vyake viko salama. Kila kifaa kipewe jina linalofahamika, kama «Simu ya Mama», na chini yake iandikwe tarehe ambayo nakala ilikamilika mara ya mwisho. Alama ya kijani peke yake haitoshi, kwa kuwa wapo wasiotofautisha kijani na nyekundu. Maneno «Nakala ya mwisho: siku 14 zilizopita. Unganisha simu na Wi-Fi ya nyumbani» yanaeleza tatizo pamoja na dawa yake.

Tafadhali usichanganye kulandanisha (yaani kufanya faili zifanane wakati wote kwenye vifaa vyote) na kuhifadhi nakala, kwani katika kulandanisha, picha iliyofutwa kimakosa kwenye simu hufutika na kwenye vifaa vingine. Hivyo tunza pia matoleo ya zamani ya faili. Kitufe cha «Rudisha faili» kionekane wazi kama cha «Hifadhi sasa», maana nakala isiyoweza kurudishwa haina faida yoyote.

Diski hiyo moja nayo inaweza kuibwa au kuungua pamoja na vifaa vyenyewe. Kanuni inayojulikana ya 3-2-1 hutaka nakala 3, katika aina 2 za hifadhi, 1 kati yake ikiwa nje ya nyumba.