Faiba au ruta ya laini ya simu kwa nyumba ya Ngamiani, Tanga

Ndugu, kwa kuwa umesema unafanya kazi nyumbani na unataka kuchagua intaneti kati ya faiba, inayoletwa nyumbani kwa waya, na ruta ya laini ya simu, yaani kifaa kinachotiwa laini na kusambaza Wi-Fi, ningekushauri uwaulize kwanza majirani wa barabara yako kama waya wa faiba umewafikia, kwa sababu ukipita barabara ya pili tu si hakika kwamba umefika kwako. Ukiwapo, uchukue. Ruta ya laini hugawana mnara na simu za mtaa mzima, na ndiyo maana kasi inayoridhisha saa nne asubuhi huweza kuporomoka saa mbili usiku. Basi kama waya haujafika, azima laini ya mtandao unaoufikiria, uipime saa hiyo ya usiku ukiwa chumba utakachofanyia kazi, hasa kama kuta ni nene, na uangalie kasi ya kupakia, yaani ya kutuma mafaili na video kutoka kwako, ambayo matangazo hayaitaji sana. Usilipie miezi kadhaa kwa mkupuo, hata ukipewa punguzo. Umeme nao hukatika, kwa hiyo nunua betri ndogo ya ruta, ukihakikisha volti zake, mara nyingi 12, zinalingana na zilizoandikwa kwenye adapta.