Kwa nyinyi mnaoanza kazi ya amani na silaha huku North Rift na kaskazini mwa Kenya

Kila mwaka tunaletewa vijana wapya kwenye hizi projekti za amani, wametoka chuo na digrii zao za mambo ya usalama, na swali la kwanza wanalouliza wakifika kijijini ni "hapa kuna bunduki ngapi?" Jamani. Hilo ni swali la askari kabla ya operesheni, kwa hivyo ukiliuliza wewe na tisheti yako ya shirika, kesho morani wamehamia milimani na wazee wameanza kukuita mpelelezi. Uliza mifugo. Uliza maji yako wapi mwezi huu, wanachunga wapi, nani yuko ng'ambo ile. Mtu akikuambia ng'ombe hawashuki mtoni bila vijana kuwasindikiza huyo ameshakujibu mambo ya bunduki na hujaitaja hata mara moja.

Pili, soma historia ya operesheni kabla hujapanda gari, kwa sababu hao unaoenda kuongea nao wanaijua kwa miili yao. Wajir ukisema neno "kusalimisha silaha" mzee anasikia Wagalla, Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia, Wasomali wa huko, walikusanywa kwenye uwanja wa ndege kisa ni msako wa silaha, wakalazwa juani siku kadhaa bila maji, wengi wakauawa, serikali ikasema waliokufa ni 57 na walionusurika mpaka leo wanataja mamia na wengine maelfu. Sasa wewe unakuja na bango la "Silaha Zirudi, Amani Idumu" halafu unashangaa mbona mkutano umepoa.

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo wengi wanapopotelea. Bunduki huku haikuanza na ubaya wa watu. Amin alipoanguka Uganda 1979 kambi ya jeshi ya Moroto iliachwa wazi na Wakaramoja, wafugaji wa upande ule wa mpaka, wakajichukulia, vita vya Sudan na Ethiopia na Somalia vikaongeza, na upande wetu jamii ambayo jirani yake amepata AK na yeye yuko na mkuki ilikuwa na njia mbili tu, kuhama ama kununua. Polisi wa karibu yuko mbali sana na barabara hakuna. Kwa hivyo bunduki ikawa bima ya ng'ombe. Ukichukua bima ya mtu bila kumpa kitu kingine unajua kitakachotokea, na si lazima tubahatishe, Uganda walituonyesha: walianza kukusanya bunduki Karamoja mwishoni mwa 2001, walioitikia wakabaki mikono mitupu na wale ambao hawakuitikia wakawavamia na kuwamaliza mifugo, ikabidi watu watafute bunduki upya. Mtego ni huo huo kwetu, ukipokonya Pokot na Turkana hujamgusa, ama ukianza na Samburu na wenzao wanakuangalia tu kutoka mlimani, wewe umemchagulia mmoja kifo. Ni pande zote mbili kwa wakati mmoja, na mtu wa kulinda abaki pale baadaye, sio helikopta ya siku mbili. Februari 2023 serikali ilitangaza sehemu za Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu kuwa hatari, ikatoa siku tatu za kurudisha silaha kisha jeshi likaingia kusaidia polisi. Siku tatu! mtu yuko malishoni na redio haishiki.

Kitu kingine ambacho semina hazikuambii, sio kila bunduki unayoona ni haramu. Kuna homeguard, wale akiba wa polisi, zamani KPR (Kenya Police Reserve) siku hizi NPR (National Police Reserve), bunduki ni ya serikali, risasi ya serikali, na kwa miaka mingi wengi wao hawakuwa na mshahara hata. Mtu hana mshahara, ana silaha na ng'ombe wa kijiji kizima kulinda, hebu fikiria risasi zinaenda wapi. Small Arms Survey, shirika la utafiti wa silaha ndogo, walichapisha utafiti 2008 kuhusu Turkana Kaskazini wakaonyesha risasi nyingi mikononi mwa raia zilitoka kwa polisi wenyewe, wakuu Nairobi hawakufurahi. Halafu 2019 serikali ikachukua ghafla bunduki za hao akiba, vijiji vingine vikaamka asubuhi havina mlinzi yeyote. Ndio maana mimi ripoti ikinijia imejaa "idadi ya silaha zilizosalimishwa" naiangalia kwa jicho moja. Novemba 2016 zilichomwa 5,250 pale Ngong, ni jambo jema kabisa na nalipongeza, lakini mtu akiwa na mbili anasalimisha ile mbovu. Pima kama soko limefunguliwa, kama watoto wanavuka kwenda shule, kama lori linapita Kainuk, kwenye barabara ya Kitale kwenda Lodwar, bila eskoti.

Na msipige picha za silaha. Hata mtu akikuonyesha mwenyewe kwa raha zake, hata kama ina alama za serikali na umefurahi umejua kuzisoma. Simu yako ikichukuliwa roadblock hiyo picha ni kesi ya huyo mtu, na wewe utakuwa umerudi Nairobi.

Kuna hili la kitambulisho, wengi wanadhani ni dawati lingine. Hapana. Huwezi kumwambia mtu "kama Mkenya mzalendo rudisha silaha" na ofisi hiyo hiyo imemzungusha miaka akitafuta kipande. 1989 Wasomali wa Kenya peke yao walipitishwa kwenye mchujo na kupewa kadi tofauti, na hata baada ya katiba ya 2010 kusema kila raia ana haki ya kitambulisho, vijana wa Garissa na Mandera waliendelea kukaa mbele ya kamati ya wazee kuulizwa babu yao alizikwa wapi. Wengine walijiandikisha ukimbizi Dadaab wakati wa njaa ili wapate chakula, alama za vidole zikabaki kwenye mfumo, sasa mfumo unawaita wageni kwao. Rais alifuta ule mchujo Februari 2025 akiwa Wajir, kwa hivyo ukikutana na kijana anayezungushwa bado, andika tarehe na dawati aliloambiwa arudi kesho, mpeleke kwa wanaosaidia bure. Hiyo saa moja itakufungulia milango kuliko mabaraza yako yote.

Mwisho kuhusu nani wa kuongea naye. Chifu kwanza, hiyo ni heshima, lakini usiishie hapo. Wajir mwanzoni mwa miaka ya 90 amani ilianzia sokoni kwa akina mama, Dekha Ibrahim Abdi na wenzake, wazee walifuata. Morani pia, maana mzee anaweza kusaini karatasi na kijana akatoka usiku huo huo. Na Septemba mkipata nafasi nendeni Lokiriama, mpakani mwa Uganda, Waturkana na Wamatheniko (Wakaramoja wa Uganda) walizika silaha pale 1973 na bado wanakutana kila mwaka kukumbushana. Barabara ni mbaya, bebeni maji yenu, na nauli za wazee zipangwe kabla ya siku yenyewe sio mnaanza kuhesabiana pesa mbele ya watu.