Kivuli cha Tabata si cha Marangu

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mzaliwa wa Marangu, nimeolewa Tabata, Dar es Salaam. Uwanja wetu ni mdogo, na nusu yake imefunikwa na mwembe ambao baba mkwe hataki hata kusikia habari za kuukata. Nilipanda miche ya iliki chini yake, ikanyauka. Maua ya haidrenjia niliyapanda Juni kando ya ukuta wa nyuma penye kivuli, yakapendeza kweli, lakini ilipofika Desemba yakaungua majani yote. Kwenye simu nasoma kwamba nichague mimea ya kivuli ya "kanda ya 12". Kanda hiyo ndiyo nini, na nipande nini? – Mama Eliya

JIBU: Marahaba mwanangu. Hizo kanda ni za Wamarekani. Wamezipanga kwa kipimo cha baridi kali kabisa ya mwaka, ili mtu wa Chicago ajue kama mti wake utavuka majira ya theluji. Mtu wa Makete, ambaye sakitu, yaani umande unaoganda, inaweza kumchomea viazi, zingemfaa kidogo. Wewe hazikusaidii. Huku kwetu uliza mambo matatu: uko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari, mvua inanyesha kiasi gani, na usiku kunapoa au hakupoi.

Iliki inapenda kivuli, hapo hukukosea. Ila ni kivuli cha mahali kama Amani, kule milima ya Usambara, mita 900 na zaidi, penye mvua karibu milimita 1,900 kwa mwaka na ukungu wa asubuhi. Dar mnapata kama 1,100, na Februari hata saa tisa usiku watu wanajipepea. Juu ya hayo, mwembe ni mlafi wa maji. Majani yake mazito yanazuia manyunyu, na mizizi yake inawahi kile kidogo kinachofika chini. Kihambani kwenu, kwenye shamba la nyumbani la Wachagga, kahawa na magimbi yanakaa chini ya migomba kwa raha kwa sababu udongo una unyevu. Chini ya mwembe wa Tabata kuna kivuli na ukame kwa pamoja.

Sasa haidrenjia. Naomba utoke nje uangalie huo ukuta umeelekea wapi, kwa maana nahisi ni upande wa kusini wa nyumba. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu katikati ya Oktoba jua la saa sita linapita kaskazini yenu, na Juni ukuta wa mita 3 unatupa kivuli cha zaidi ya mita moja na nusu upande wa kusini. Baada ya hapo jua linahama. Desemba linapiga papo hapo palipokuwa na kivuli, tena katika miezi ya joto. Wauza miche hawakwambii hili, wao wanauliza tu "kuna kivuli?" Hata hivyo haidrenjia inataka usiku wa baridi, kwa hiyo mpelekee mama yako Marangu. Hapo ukutani weka kroton, zile za majani ya rangi rangi, ambazo zinavumilia hali zote mbili.

Chini ya mwembe anza na mimea ya pwani yetu wenyewe. Zamiokulkasi, ule wenye majani manene yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, ni mzaliwa wa Afrika Mashariki, na una viazi chini ya udongo vinavyotunza maji. Huko Ulaya wanauweka maofisini kwa bei ya kutisha. Utomvu wake unawasha, usiuache karibu na mtoto anayetambaa. Sansevieria nayo, yenye majani magumu yaliyosimama kama panga, haikusumbui. Na masale, mwanangu! Mchagga gani anakosa uani mmea huo wa majani marefu? Chomeka vipande vya shina. Hapa Tanga nayaona yamestawi kivulini.

Ukitaka cha jikoni, panda tangawizi na manjano pembezoni mwa mwembe, pale mwanga unapopenya, na magimbi pale maji ya bafuni yanapopita. Mpilipili manga unaweza kupanda kwenye shina la mwembe wenyewe, kama wafanyavyo Unguja na Muheza kwenye miti yao, lakini utaumwagilia kwelikweli.

Barazani weka urujuani wa Usambara, ule mmea mdogo wa maua ya zambarau. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliukuta huku Tanga, mwaka uliofuata ukapewa jina lake kitaalamu, na leo uko madirishani dunia nzima isipokuwa kwetu. Tafuta aina ya nyanda za chini, inayoota kwenye miamba ya Amboni hapa Tanga, kwa kuwa imezoea joto. Mwagilia kwenye kisahani cha chini, majani yasilowe.

Usichimbe mashimo makubwa karibu na shina la mwembe wala usilifukie kwa udongo. Mwombe baba mkwe ruhusa ya kupunguza matawi ya chini tu, hilo huenda akalikubali. Panda masika yakianza, na usidanganyike na mvua: ingiza kidole udongoni chini ya mwembe hata baada ya kunyesha usiku kucha. Kikitoka kikavu, chukua ndoo.