Likizo ndefu maktabani: usimwandikishe mtoto peke yake

Mwaka wa kwanza nilipowapeleka wanangu kwenye programu ya likizo ya maktaba ya umma, nilikuwa nawashusha mlangoni na kwenda zangu. Niliona nimepata ahueni: kwa saa mbili wako mahali salama, wako na vitabu, nami nashughulikia mambo yangu. Majira ya joto yalipokwisha, kifungua mimba wangu, wakati huo akiwa na miaka minane, alikuwa amejaza kadi yake ya usomaji yote, visanduku 30, kila kimoja na muhuri wake. Akapewa cheti. Kisha kwa miezi mitatu hakugusa kitabu chochote ambacho mwalimu hakumlazimisha kukisoma.

Nilichukua muda kuelewa kilichotokea. Kila jioni nilikuwa namuuliza, "Leo vingapi?" Sikumuuliza hata siku moja kitabu kilihusu nini. Mtoto ni mwepesi kumsoma mzazi wake, naye aliona kwamba mama anataka idadi, basi akanitafutia idadi. Alikwenda kwenye rafu za watoto wa chekechea, akachukua vile vyembamba vya kurasa kumi na mbili, akavimaliza kama mtu anayehesabu magunia. Kadi ilijaa, na hamu ya kusoma ikaisha.

Likizo iliyofuata nilikuwa kaunta nawaandikisha tena, kwa wasiwasi kidogo, mkutubi akainua kalamu na kuniuliza, "Na wewe, mama, nikuandike?" Nilidhani nimemsikia vibaya. Akanieleza kwamba kuna programu ya watu wazima inayokwenda sambamba na ya watoto: kadi yake, lengo lake la vitabu vinne, kikundi cha kusoma kinachokutana mara moja kwa wiki katika chumba cha pili saa ileile ambayo watoto wako kwenye hadithi. Nikaandikwa. Sasa ni likizo ya tisa, na katika mbili kati ya hizo nimejitolea kusaidia palepale. Ukiniuliza ushauri mmoja tu kuhusu programu hizi, nitakuambia huo: andika jina lako chini ya jina la mwanao.

Sababu utaiona nyumbani kabla hujaiona maktabani. Mtu anayesema "soma" huku ameshika simu, mtoto anamsikia ila hamwamini. Nilipoanza kuwa na kitabu changu, chenye tarehe yangu ya kurudisha, mazungumzo yalibadilika. Binti yangu alianza kunifuatilia. Siku moja alichukua kadi yangu, akahesabu visanduku kwa kidole, akasema, "Mama, umebakiza viwili na wiki ni mbili." Hapo nilijua kwamba kusoma kumekuwa shughuli yetu sote, si adhabu ya wadogo.

Wapo watu wazima wanaoona haya, wanaodhani maktaba wakati wa likizo ni ya watoto na wanafunzi. Si kweli, na haijawahi kuwa kweli. Ilani ya UNESCO kuhusu maktaba za umma, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1949 na kuhuishwa mwaka 2022 kwa ushirikiano na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, inasema huduma za maktaba ya umma ni za watu wote bila kujali umri. Huhitaji kujificha nyuma ya mtoto ili uingie.

Nirudi kwa watoto, kwa sababu hapo ndipo wazazi wengi huniuliza.

Kipindi cha hadithi ni kitu cha kukaa na kukitazama, hata kama mwanao haoni haja uwe karibu. Mimi nilijifunza kumsomea mtoto kwa kumtazama mkutubi mmoja, mwanamke wa makamo aliyekuwa akikaa kwenye kigoda kifupi. Kitabu alikishika usawa wa bega, kurasa zikiwaelekea watoto, yeye akikitupia jicho tu. Akifika mwisho wa ukurasa, hakufunua mara moja. Alishika pembe ya karatasi kwa vidole viwili, akanyamaza, akawatazama. Watoto ishirini nao wakanyamaza. Kisha mmoja akashindwa kuvumilia: "Ataanguka!" Mwingine: "Hapana, ataruka!" Mkutubi akawaitikia wote wawili kwa kichwa, na ndipo akafunua. Zile sekunde tatu za kushika pembe ya karatasi nimezichukua nikaja nazo nyumbani, na kitinda mimba wangu amekua nazo. Mtoto anayekisia kitakachofuata anafikiri. Anayesomewa mfululizo bila pumzi anasikiliza sauti tu.

Kuhusu kuchagua kitabu, mwachie mtoto. Najua ni vigumu. Unaona anachukua kitabu cha nyoka kwa mara ya tatu na moyo unakwambia umwelekeze kwenye kitu "cha maana". Jizuie. Kitabu kinachorudiwa kinazaa usomaji mwepesi. Mara ya tatu hahangaiki tena na maneno, anaingia ndani ya habari yenyewe. Vitabu vya katuni vinahesabika. Vitabu vya kusikiliza vinahesabika. Vitabu vya lugha ya nyumbani vinahesabika, hata kama shule inafundisha kwa lugha nyingine. Kama maktaba yenu ina rafu ya lugha yenu, anzia hapo. Ukitaka kumsaidia kupima ugumu, mfundishe kanuni ya vidole vitano: afungue ukurasa wowote wa katikati, asome, na kila akikutana na neno asilolijua akunje kidole. Akimaliza ukurasa na kidole kimoja au viwili, kitabu kinamfaa. Vikifika vitano, kitabu hicho ni cha kusomewa kwanza. Sikusema ni cha kurudishwa kwenye rafu. Kama anakipenda, kiazimeni na ukisome wewe jioni.

Je, kweli likizo isiyo na vitabu inamrudisha mtoto nyuma? Swali hili limechunguzwa kwa miaka mingi. Mwanasosholojia Barbara Heyns, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1978, aliwafuatilia wanafunzi wa Atlanta, Marekani, wakati wa masomo na wakati wa likizo, akakuta kwamba kusoma vitabu na kutumia maktaba ya umma katika majira ya joto kulikwenda pamoja na kukua kwa msamiati wao. Watafiti waliokuja baadaye wamebishana sana juu ya kiasi ambacho watoto hupoteza wakati wa likizo, na baadhi yao wanaona hofu hiyo imekuzwa. Mimi si mtafiti. Ninachokijua ni kidogo: Septemba ya mwaka ule tuliosoma pamoja, mwanangu alirudi darasani bila yale manung'uniko ya wiki mbili za kwanza.

Usibebe lengo kubwa. Nchini Uingereza kuna changamoto ya usomaji wa majira ya joto inayofanyika maktabani tangu mwaka 1999, na kwa miaka mingi lengo lake lilikuwa vitabu sita tu. Sita kwa likizo nzima! Nilipolijua hilo, nilitazama nyuma kwenye visanduku 30 vya mwanangu nikaumia. Maktaba ikikupa kadi yenye visanduku vingi, muulize mkutubi kama inaruhusiwa kuhesabu dakika au siku badala ya vitabu. Mara nyingi inaruhusiwa, na kwa mtoto anayesoma polepole tofauti ni kubwa mno. Mtoto wa aina hiyo akihesabiwa vitabu anajiona wa mwisho kila wiki. Akihesabiwa siku, analingana na wenzake wote.

Mambo ya utaratibu nitayapitia haraka. Usajili wa warsha za mikono, sayansi na michoro hujaa mapema kwa sababu nafasi ni chache, hivyo ulizia kabla shule hazijafungwa. Kipindi cha hadithi kwa kawaida hakihitaji usajili. Angalia umri uliotajwa kwenye ratiba, maana kipindi cha watoto wa miaka minne kitamchosha wa tisa, na yule wa tisa atawachosha wote. Uliza pia mtoto anaruhusiwa kubaki bila mtu mzima kuanzia umri gani. Wakutubi si walezi, na wengi wao ni waungwana mno kukuambia hivyo usoni. Nyumbani, tenga sehemu moja ya vitabu vya maktaba, kikapu au rafu, visichanganyike na vyenu. Sisi siku ya kurudisha ni moja, haibadiliki, mvua au jua.

Vijana ni habari nyingine. Binti yangu alipofika miaka kumi na tatu alikataa kabisa kuingia chumba cha watoto, na programu ya vijana aliiona ya kitoto vilevile. Nilibembeleza, nikashindwa. Aliyemwokoa ni mkutubi aliyemwomba msaada badala ya kumpa ratiba: "Nahitaji mtu wa kuwasomea wadogo siku ya Jumatano. Utaweza?" Akapewa beji yenye jina lake. Wiki ya kwanza alirudi nyumbani akafunga mlango, nikamsikia anafanya mazoezi ya sauti ya fisi. Kama una kijana aliyechoka na programu, ulizia kazi ya kujitolea. Umri huo unapenda kutegemewa.

Na ninyi watu wazima wenzangu, msiishie kwenye kikundi cha vitabu. Katika likizo hizo nimeona mafunzo ya kompyuta, msaada wa kuandika barua ya kuomba kazi, madarasa ya lugha kwa wageni, na warsha ya kuandika kumbukumbu za maisha iliyojaa wastaafu. Nilipojitolea nilipangwa kwenye kompyuta. Nakumbuka mzee mmoja aliyekuja akiwa amevaa koti lake zuri, kama mtu anayekwenda kwenye shughuli. Alishika kipanya kwa mkono wote, mgumu, na mshale kwenye skrini ukawa unarukaruka pembeni. Nikamwomba alegeze kiganja, akiegemeze juu ya meza, asukume kwa kifundo cha mkono si kwa bega. Tulifanya hivyo tu, kusukuma na kuacha, kwa nusu saa. Siku ya nne alifungua barua pepe ya mjukuu wake, yenye picha. Hakusema neno. Alisogeza kiti karibu na skrini, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mjukuu wake mwingine alikuwa chumba cha pili kwenye hadithi. Walikuwa wamekuja pamoja, na waliondoka pamoja, kila mmoja na la kumsimulia mwenzake njiani.

Kuna jambo moja linalowazuia wengi na halisemwi wazi: hofu ya faini. Mzazi anawaza, mtoto atachelewesha, atachana, atapoteza, nami nitadaiwa. Nilikuwa hivyo. Mwaka mmoja kitabu kilipotelea nyumbani kwetu, nami badala ya kwenda kusema, nikaacha kwenda maktaba kwa karibu mwaka mzima. Watoto walilipia aibu yangu. Hatimaye nilipokwenda, mkutubi alinisikiliza, tukakubaliana namna ya kufidia, ikaisha ndani ya dakika tano. Maktaba nyingi zimeanza kuona kwamba faini za kuchelewesha huwafukuza walewale wanaoihitaji maktaba zaidi; Chicago, kwa mfano, ilizifuta mwaka 2019. Huenda yenu bado inazo, huenda haina. Uliza kaunta siku ya kuandikishwa: mkichelewa inakuwaje, kikichanika inakuwaje, kikipotea inakuwaje. Na kikipotea, nenda kaseme wiki hiyohiyo.

Likizo inapokaribia kwisha, maktaba nyingi hufanya hafla ya vyeti, na familia nyingi huwa hazionekani tena mpaka majira ya joto yajayo. Sisi siku hiyo ya vyeti ndiyo tunayoazima vitabu vingi kuliko zote: kila mtoto vya kumtosha wiki za mwanzo za shule, nami cha kwangu. Halafu kabla ya kutoka, nauliza kikundi cha watu wazima kinaendelea siku gani baada ya shule kufunguliwa. Mara nyingi kinahamia jioni au Jumamosi, na wanaokuja ni wachache, kwa hiyo mtu mpya hupokelewa vizuri sana.