Maswali Yenu: Ugomvi wa India na Pakistan Ulioingia Simuni Mwetu

Tarehe 22 Aprili 2025 watu wenye silaha waliwaua watu 26 karibu na Pahalgam, Kashmir ya India, eneo ambalo Pakistan nayo inalidai. Wengi walikuwa watalii Wahindu walioulizwa dini yao kwanza, na mmoja alikuwa Mwislamu wa hapo hapo aliyekuwa akiwapandisha watalii farasi. India iliilaumu Pakistan, na wiki mbili baadaye nchi hizo zilishambuliana kwa makombora na droni kwa siku nne, hadi mapigano yaliposimamishwa 10 Mei. Barua zilizotufikia tangu hapo zinaonyesha kwamba kwenye simu hayajasimama. Tumechagua tano.

SWALI: Asalaam aleikum Mhariri. Nina duka la vitambaa. Katika grupu la wafanyabiashara wa mtaa wetu tumo Waislamu, Wahindu, Mabohora na Wakristo. India na Pakistan zikigombana tu, tunamwagiwa video: mara msikiti unachomwa, mara hekalu linabomolewa, mara ndege imedunguliwa. Wazee waliokunywa kahawa pamoja miaka thelathini wameanza kununiana. Nitajuaje ipi ni ya kweli? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Waalaikum salaam. Anza na saa, kwa kuwa hapo huhitaji programu yoyote. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, Pakistan kwa saa mbili. Mashambulizi ya kwanza ya India ya 7 Mei 2025 yalianza saa saba na dakika tano usiku kwa saa za kule. Mombasa ilikuwa bado Jumanne, 6 Mei, saa nne na dakika thelathini na tano usiku. Jua la Lahore, Pakistan, mwezi huo huchomoza kama saa tisa usiku kwa saa zetu. Basi klipu ya mlipuko wa mchana kweupe iliyokufikia saa sita usiku ule haikuwa ya vita vile, hata kama maandishi yake yaliapa.

Ya pili ni picha yenyewe. Simamisha video mahali penye jengo, kibao au kilima, upige skrinshoti. Kata maandishi yote yaliyobandikwa juu na chini, kwa sababu mashine ya kutafutia hushika maandishi na kuacha picha. Ipeleke Google Lens, kisha Yandex, maana kila moja huona ambayo mwenzake hakuiona. Fanya hivyo kwa vipande vitatu au vinne vya video hiyo hiyo, kimoja hakitoshi. Unachotafuta ni tarehe ya zamani kuliko zote. Picha iliyozungushwa Mei 2025 kama ndege ya India aina ya Rafale iliyodunguliwa ilikuwa ya ajali ya ndege nyingine, MiG-21, wilayani Moga, Punjab ya India, mwaka 2021. Klipu nyingi za makombora usiku zilitoka kwenye mchezo wa kompyuta uitwao Arma 3. Msemaji wa jeshi la Pakistan naye alitengenezewa video ya akili mnemba akikiri kupoteza ndege mbili. Mwili na chumba vilikuwa vya mkutano wa zamani na waandishi, midomo na sauti ndivyo vilivyobadilishwa. Pande zote mbili zilizusha.

Hapa wengi hukosea: mashine isipopata kitu haimaanishi video ni ya kweli. Huenda imegeuzwa kushoto kulia ili isitambuliwe. Angalia kama herufi za vibao zinasomeka kinyume. Huenda picha ni ya kweli na sauti ni ya kubandika. Wala usikimbilie kusema "maandishi ni ya Kiurdu, basi ni Pakistan." Kiurdu kimo kwenye vibao vya Kashmir ya India, na vya miji ya Lucknow na Hyderabad huko huko India. Kipimo kizuri zaidi ni Kipunjabi: upande wa India huandikwa kwa herufi za Gurmukhi, zinazoning'inia kwenye mstari wa juu, na upande wa Pakistan kwa herufi za jamii ya Kiarabu. Nambari za magari pia husaidia. Za India huanza na herufi mbili za jimbo: DL ni Delhi, MH ni Maharashtra, UP ni Uttar Pradesh.

Tukuonyeshe moja kwa karibu. Mwaka 2018 ilienea India video ya kamera ya barabarani. Watoto wanacheza mtaani. Pikipiki yenye wanaume wawili inapita, inageuza, na aliyekaa nyuma anamnyakua mtoto mmoja, wakatokomea. Maandishi yalisema wezi wa watoto wameingia mkoani. Filamu kamili ilikuwa ndefu kidogo tu: pikipiki inarudi, mtoto anashushwa salama, na mmoja wao anafungua bango la kuwaonya wazazi kwamba kuiba mtoto katika mitaa ya Karachi ni kazi ya muda mfupi tu. Lilikuwa tangazo la usalama wa watoto lililotengenezwa Pakistan. Mtu alikata mwisho wake. Mwaka huo, uvumi wa wezi wa watoto uliobebwa na klipu hiyo na nyingine za namna yake ulisababisha watu wapigwe hadi kufa katika majimbo kadhaa ya India; 1 Julai, kijijini Rainpada, Maharashtra, waliuawa watano kwa siku moja. Kwa hiyo klipu inayokatika ghafla mahali pabaya kuliko pote itilie shaka kwa kukatika kwake tu.

Baada ya mauaji hayo WhatsApp iliweka kikomo India: ujumbe usambazwe kwa watu au magrupu matano tu kwa mara moja, na Januari 2019 ikawa hivyo duniani kote. Tangu Aprili 2020 ujumbe wenye mishale miwili, yaani uliokwisha kupita mikono mitano au zaidi, hupelekwa sehemu moja tu kwa mara moja. Mishale hiyo miwili ikubalini kuwa kanuni ya grupu lenu: yenye mishale miwili haiingii hadi aliyeileta aseme imetoka wapi, lini, na nani aliipiga.

SWALI: Kwani zote hizi si hasira za wananchi wa kawaida? Nani ana muda wa kuketi anatunga? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Hasira ni za wananchi, lakini kuni huletwa. Tarehe 1 Aprili 2019, wiki ya pili kabla ya uchaguzi wa India, Facebook ilitangaza kuondoa kurasa, magrupu na akaunti 103 za Facebook na Instagram ilizozihusisha na wafanyakazi wa kitengo cha habari cha jeshi la Pakistan. Siku hiyo hiyo iliondoa kurasa na akaunti 687 ilizozihusisha na watu wa kitengo cha mtandao cha chama cha Congress cha India, na nyingine 15 ilizozihusisha na kampuni moja ya teknolojia ya huko huko. Kurasa hizo za Pakistan zilijifanya za mashabiki wa jeshi, za habari au za jamii ya Kashmir, hazikujitaja kuwa za askari. Ukikuta akaunti inayotoa matusi saa ishirini na nne bila kulala, yenye jina la kawaida na picha ya maua, usibishane nayo. Kila jibu lako linaipandisha machoni pa wengine.

SWALI: Shikamooni. Nasoma chuo. Mwalimu alisema Wahindu na Waislamu ni maadui wa asili, na kwamba dini ndiyo chanzo. Ni kweli? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Hapana. Watu hao wameishi pamoja karne nyingi, na Kihindi cha mtaani na Kiurdu cha mtaani ni lugha moja wanayoelewana bila mkalimani. Kilichozaliwa karne iliyopita ni dai la kisiasa: kwamba dini ndiyo taifa. Mwaka 1923 V. D. Savarkar, mwanasiasa wa utaifa wa Kihindu, aliandika kwamba Mhindu halisi ni yule ambaye India ni nchi ya baba zake na pia nchi yake takatifu. Papo hapo Mwislamu na Mkristo wakatoka nje ya mlango, kwa kuwa Makka na Yerusalemu haziko India. Machi 1940, mjini Lahore, Muhammad Ali Jinnah, kiongozi wa Waislamu aliyekuja kuwa mwasisi wa Pakistan, akasema Wahindu na Waislamu ni mataifa mawili. Madai haya mawili huonekana kama maadui, lakini msingi wao ni mmoja, na kila moja limemlisha mwenzake.

Mpaka wa 1947, ulioigawa India ya Waingereza kuwa India na Pakistan, ulichorwa na mwanasheria Mwingereza, Cyril Radcliffe, ambaye hakuwahi kufika India kabla, kwa muda wa kama wiki tano. Ulitangazwa 17 Agosti, siku mbili baada ya uhuru wa India. Watu kati ya milioni 12 na 15 walihama; waliokufa wanakadiriwa kuanzia laki kadhaa hadi milioni moja au zaidi.

Tazama sasa dai hilo lilivyowageukia wenyewe, kwani hapa ndipo mwalimu wako angepaswa kukaa zaidi. Tarehe 11 Agosti 1947 Jinnah mwenyewe aliwaambia wabunge kwamba kila mtu yuko huru kwenda hekaluni au msikitini, na kwamba hilo si kazi ya dola. Machi 1949, yeye akiwa amekwisha kufariki, bunge la Pakistan lilipitisha azimio lililoifunga katiba kwenye Uislamu. Wabengali wa Pakistan ya Mashariki walikuwa Waislamu, lakini walipodai lugha yao walipigwa risasi Dhaka 21 Februari 1952, na mwaka 1971 walijitenga kwa vita ya damu nyingi wakawa Bangladesh. Mwaka 1974 katiba ya Pakistan iliwatangaza Ahmadiyya, kundi linalojihesabu kuwa la Kiislamu na ambao wasomaji wetu wa Tabora wanawajua, kuwa si Waislamu. Upande wa India, Gandhi aliuawa 30 Januari 1948, si na Mwislamu, bali na Mhindu aliyemwona amewaonea Waislamu huruma kupita kiasi. Tarehe 6 Desemba 1992 umati wa Wahindu ulibomoa Msikiti wa Babri mjini Ayodhya, na ghasia zilizofuata ziliua watu wapatao 2,000. Hekalu la Ram lilizinduliwa mahali hapo 22 Januari 2024.

SWALI: Nalinda jengo. Chumbani tuko sita: Wakenya wawili, Mnepali, Wahindi wawili na Mpakistani mmoja. Kriketi ikichezwa, magrupu yanawaka, nami huombwa nisambaze video za kumcheka aliyeshindwa. Kuna ubaya? (Msomaji, Sharjah)

JIBU: Ubaya upo, kaka, tena wa kukupotezea kibali cha kazi. Sheria ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2023 kuhusu ubaguzi, chuki na misimamo mikali inaadhibu kudharau dini na kuchochea chuki kwa njia yoyote, mtandao ukiwamo. Adhabu ni kifungo na faini za laki nyingi za dirhamu, na mgeni anaweza kufukuzwa nchini. Aprili 2020 Wahindi kadhaa walipoteza kazi huko kwa maandishi ya kuwatukana Waislamu, hadi balozi wa India akawakumbusha raia wake hadharani kwamba ubaguzi ni kosa. Usijitetee kwamba hukutunga, ulisambaza tu. Zima upakuaji wa video wa moja kwa moja katika mipangilio ya WhatsApp, zisikae simuni mwako bila wewe kujua, na utoke kimya kimya kwenye grupu la matusi.

Ukirudi nyumbani hali ni hiyo hiyo. Kifungu cha 13 cha sheria ya Kenya ya uwiano na utangamano ya 2008 kinagusa pia chuki ya utaifa na uraia: hadi shilingi milioni moja, miaka mitatu jela, au vyote.

Na hao wachezaji wenyewe tunawaonea uchungu. Tarehe 24 Oktoba 2021, hapo Dubai, India ilifungwa na Pakistan, na Mohammed Shami, mchezaji wa India aliye Mwislamu, akaitwa msaliti na watu wa nchi yake. Siku 18 baadaye, Dubai hiyo hiyo, Hasan Ali wa Pakistan aliangusha mpira aliopaswa kuudaka dhidi ya Australia, nao Wapakistani wakamtukania Ushia wake na mke wake Mhindi. Ukimcheka Mpakistani wa chumbani kwako, unatumia maneno yale yale yaliyompiga Shami.

SWALI: Nimeshasambaza video ya uongo kwa magrupu matatu. Naona aibu. Nifanyeje? (Mama, Tanga)

JIBU: Pole dada. WhatsApp inakuruhusu kufuta ujumbe kwa wote ndani ya siku mbili na ushei tangu ulipoutuma. Bonyeza ujumbe, ushikilie, chagua kufuta, kisha kufuta kwa wote. Lakini nakala waliyokwisha kuipeleka wengine haifutiki, na ukifuta bila neno watabaki wanaamini walichokiona. Basi kabla ya kufuta, andika katika kila grupu: "Video niliyotuma jana ya hekalu si ya mwaka huu, ni ya mahali fulani mwaka fulani. Nilikosea. Kama uliipeleka mahali, tafadhali waambie." Taja mahali na mwaka ulivyovipata. Usiitume video tena ili kuonyesha uongo wake, hata ukiichora msalaba mwekundu, kwani mwingine ataukata msalaba huo. Kisha wapigie simu wale uliowatumia mmoja mmoja, hasa jirani ambaye video hiyo ilitaja dini yake.