Isikilize albamu kwa mpangilio wake kabla ya kuitolea hukumu

Maoni mengi kuhusu albamu hutolewa na watu waliosikia nyimbo mbili tatu zilizovuma, basi. Ningemshauri yeyote anayetaka kuwa na msimamo wake mwenyewe aache kuchanganya nyimbo, kisha aisikilize albamu mwanzo hadi mwisho kama msanii alivyoipanga.

What's Going On ya Marvin Gaye, iliyotoka mwaka 1971, inaonyesha sababu. Nyimbo zake 9 zimeungana, nyingi zikiingia ndani ya zinazofuata bila kituo, na mwishoni mwa wimbo wa tisa ule wa kwanza unarejea kwa muda mfupi. Anayerukaruka husikia nyimbo zinazokatika ghafla, akadhani kasoro ni ya mtunzi. Kwangu mimi hakuna albamu ya soul iliyoshikamana kuliko hiyo, ijapokuwa baadhi ya nyimbo zake, zikitengwa na wenzake, hupungua nguvu.

Albamu za enzi za santuri zifaa kusikilizwa upande kwa upande. Upande mmoja ulibeba takriban dakika 20 tu, hivyo msanii alikuwa na mianzo miwili na miisho miwili ya kufikiria. Katika Exodus ya Bob Marley and the Wailers, ya mwaka 1977, upande wa kwanza ni wa imani, lawama na safari, ilhali wa pili ni wa dansi, mapenzi na faraja. Wengi huupenda wa pili, wenye Jamming na Three Little Birds, nami siwalaumu. Hata hivyo nashikilia kwamba uzito wa albamu uko katika ule wa kwanza. Natural Mystic inaanza kwa mbali, sauti ikipanda polepole, na unapofika wimbo wenye jina la albamu, ambao unazidi dakika 7, masikio yamekwisha kuandaliwa. Isitoshe, Marley alinusurika kuuawa kwa risasi mjini Kingston mwezi Desemba 1976, ndipo akaenda London ambako albamu hii ilirekodiwa. Ukilijua hilo, utulivu wa upande wa pili hausikiki tena kuwa wepesi.

Albamu ndefu ni suala jingine. Songs in the Key of Life ya Stevie Wonder, ya mwaka 1976, ilitoka katika santuri mbili pamoja na nyingine ndogo ya ziada, jumla nyimbo 21. Naiheshimu sana, lakini kuimaliza kwa mkao mmoja huchosha hata mpenzi wake, kwa hiyo igawe kwa santuri.

Kwa jazz, ushauri wangu ni kufuata ala moja kila unaporudia. Anayeona kwamba vipande 5 vya Kind of Blue ya Miles Davis, iliyorekodiwa mwaka 1959, vinafanana, na aifuate piano peke yake. Katika kipande cha pili mpigaji ni Wynton Kelly, na katika vingine vyote ni Bill Evans. Kelly anachangamka, anaisukuma blues mbele. Evans anapiga kidogo na kuwaachia wenzake nafasi. Nikilazimishwa kuchagua nitamchagua Evans, ila naamini kwamba bila Kelly albamu nzima ingekuwa na huzuni kupita kiasi.