Brunanburh ilikuwa wapi? Maswali yenu kuhusu majina ya kale

Mwaka 937 mfalme Athelstan wa Uingereza aliwashinda Olaf wa Dublin na Constantine wa Scotland mahali palipoitwa Brunanburh. Uwanja wa vita hivyo unabishaniwa hadi leo. Wasomaji wameuliza jinsi majina ya mahali yanavyosaidia kuutafuta.

Jina limeandikwa, mbona halimo kwenye ramani?

Majina hubadilika vinywani mwa watu, na waandishi wa kale wenyewe hawakuafikiana. Mmoja aliandika Brunandun, mwingine Bruneford. Kwa Kiingereza cha kale burh ni ngome, dun ni kilima, ford ni kivuko. Kisichobadilika ni Brun-, ambalo huenda ni jina la mtu, Bruna.

Basi si tutafute mji wowote wenye jina linalofanana na hilo?

Hapana, na hapa ndipo wengi hupotea. Kinachohesabika ni tahajia ya zamani kabisa inayopatikana katika hati za ardhi na za kanisa, wala si ya leo. Chukua Bromborough, kwenye rasi ya Wirral, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kati ya mito Dee na Mersey. Ukilisikia jina hilo sasa, huwezi kabisa kudhani kwamba lina uhusiano na Bruna. Fungua hati za karne ya 12, unakuta limeandikwa kwa Brun-. Kanuni za mabadiliko ya sauti zinaruhusu kabisa Brunanburh kugeuka Bromborough.

Kuna jina la pili, na hili ndilo linalonivutia zaidi. Shairi la kale la Kiingereza kuhusu vita hivyo linasema walionusurika walikimbilia merikebu zao na kurudi Dublin kupitia Dingesmere. Kwa muda mrefu neno hilo lilikuwa fumbo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu watatu wa lugha walipendekeza kwamba maana yake ni eneo la majimaji lililo karibu na “thing”, yaani baraza la Wanorse, watu wa asili ya Skandinavia. Na kilomita chache tu kutoka Bromborough kipo kijiji cha Thingwall, uwanja wa baraza, kwa sababu Wanorse walikuwa wamehamia Wirral mapema karne hiyo ya 10.

Jina pekee linatosha kuthibitisha?

Halitoshi. Jina hukuonyesha pa kuchimba. Ushahidi wenyewe hutoka ardhini. Ndiyo maana naumia nikisikia mtu ameokota kipande cha silaha akaondoka nacho bila kuandika alikikuta wapi.

Wapo wanaosema vita vilikuwa mashariki. Wewe unaegemea wapi?

Wirral. Hoja ya mashariki inategemea sana mwandishi wa historia John wa Worcester, anayesema merikebu za Olaf ziliingia mto Humber, kwenye pwani ya mashariki. Lakini aliandika karibu miaka 200 baadaye, na kutoka Dublin hadi Humber kwa bahari ni kukizunguka karibu nusu ya kisiwa cha Uingereza. Wirral inatazamana na Dublin, bahari ya Ireland tu katikati.